Msusi, Chawa, na Sitara ya Mteja

Jambo nililokusudia kulizungumza jioni hii ni dogo kwa umbo, maana halizidi ukubwa wa punje ya ufuta; walakini nimeliona likimliza mtoto wa miaka minane mbele ya halaiki ya watu wazima, nikarudi nyumbani sina raha, na tangu siku hiyo, kila nilipopata nafasi ya kuketi na wasusi na vinyozi wa mji huu wa Mwanza, nimekuwa nikiwauliza wanatenda nini pindi mteja anapoketi kitini naye ana chawa kichwani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mjukuu wangu, ambaye shule yake ni katika zile chache zinazowaruhusu wasichana kusuka, alikuwa amekuja kwetu likizo ya Juni, na mama yake, aliyekuwa ameshikwa na shughuli zake sokoni Mirongo, akaniomba nimpeleke saluni. Saluni sitaitaja, wala mtaa sitautaja. Msusi akatupokea kwa shikamoo na tabasamu, akamketisha mtoto, akaanza kufumua mabutu ya zamani, akagawa nywele kwa chanuo, akainama kutazama, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kupaza sauti iliyosikika hata kwa mwuza mahindi aliyekuwa nje: "Babu, huyu mtoto ana chawa! Mtoe hapa, atatuambukizia wateja!" Mabibi waliokuwa chini ya draya wakatoa vichwa ili wasikie vyema, mmoja akakusanya mkoba wake akaukumbatia kama aliyeona mwizi, na kijana wa kufagia, ambaye sidhani alikuwa ameamriwa na mtu, akaleta kopo la dawa ya mbu akakipulizia kiti mtoto akiwa bado hajashuka vizuri. Tukatoka. Nusu ya kichwa ilikuwa imefumuliwa na nusu bado ina mabutu, nami nikamvua aibu yule mtoto kwa kumvika kofia yangu, tendo ambalo mtaalamu yeyote angelinikataza.

Sasa nataka nieleweke tangu mwanzo, nisije nikadhaniwa nimekuja redioni kulipiza kisasi cha mjukuu. Msusi yule alikuwa na haki ya kuacha kazi, tena ulikuwa ni wajibu wake, kwa kuwa saluni ni mahali pa watu wengi, na vitana na taulo na mito huzunguka kutoka kichwa hadi kichwa, na msusi mwenyewe, anaposuka kwa saa tatu au nne, huinama hata nywele zake zikakutana na za mteja. Ninachomlaumu ni sauti. Wala simlaumu kwa adabu peke yake, ingawa adabu ingelitosha. Namlaumu kwa sababu sauti ile, kwa kadiri nilivyokuja kufahamu baadaye, ndiyo inayomsafirisha chawa kutoka saluni hadi saluni kuliko kitana chochote.

Tumtazame kwanza mdudu mwenyewe, maana aghalabu tunamwogopa kwa sifa asizokuwa nazo. Chawa wa kichwa hana mbawa, wala hana miguu ya kurukia kama ya kiroboto. Safari yake ni kutambaa tu, na kwa hivyo hatoki kichwa hiki kwenda kichwa kile isipokuwa nywele zimegusana, au mara chache kwa kupandia kitana, kilemba au taulo lililotoka kwa mmoja likaenda kwa mwingine papo hapo. Chakula chake ni damu ya binadamu, nayo huinywa mara kadhaa kwa siku, basi akianguka sakafuni akaikosa, hufa ndani ya siku moja au mbili. Jike huishi kichwani yapata mwezi mmoja, na huweza kutaga hata mayai manane kwa siku, na kila yai huligandisha kwa ute mgumu mfano wa gundi kwenye shina la unywele, karibu kabisa na ngozi ambapo pana joto. Siku ya saba hata ya tisa yai huanguliwa, na kabla ya wiki mbili nyingine kupita yule mchanga naye ni mzazi. Hachagui kichwa kilichooshwa asubuhi na kichwa kisichoonja maji tangu Ijumaa iliyopita, kwa kuwa ngozi ni ngozi na damu ni damu.

Lakini katika yote niliyojifunza juu yake, moja ndilo lililonifanya nimsikitikie yule mtoto zaidi: mtu anayepatwa na chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hata sita bila ya kuwashwa, kwa sababu muwasho hauletwi na meno ya mdudu, bali na mwili unaopambana na mate yake, na mwili huchukua muda kumtambua adui mgeni. Maana yake ni kwamba wengi wanaogunduliwa na wasusi kitini hawakuja kudanganya wala kuficha. Hawakuwa na habari. Msusi ndiye shahidi wa kwanza, na habari anayoitoa kwa kelele ni habari ambayo mwenye mwili anaisikia wakati mmoja na wapita njia.

Na laiti kila shahidi angekuwa mkweli! Kinyozi mmoja wa Igogo, kijana mwenye maarifa kuliko umri wake, aliniambia kuwa katika kazi yake mapunye kwa watoto ndiyo yanayomsumbua kila siku, na chawa huwaona mara chache, na kwamba amekwisha kuona watu wakifukuzwa kwa chawa ilhali walikuwa na mba. Tafauti yake ni nyepesi kwa mwenye subira. Mba, ukiupuliza au ukiupangusa kwa kidole, unaondoka. Yai la chawa mpaka ulibane kwa kucha mbili na kulivuta hadi mwisho wa unywele, ndipo linakubali kutoka. Tena yai lililo mbali na ngozi, kiasi cha upana wa kidole au zaidi, aghalabu ni ganda tupu au ni mfu, na lenyewe peke yake si dalili kwamba mtu bado ana chawa. Dalili iliyo yakini ni chawa mzima anayetembea. Sijui ni wasusi wangapi hungoja kumwona huyo mzima kabla ya kutoa hukumu.

Hapa naomba nirudi nyuma sana. Katika sira ya Mtume (S.A.W.) mna habari ya Kaab bin Ujra, sahaba ambaye mwaka wa sita wa Hijra, Waislamu walipokuwa Hudaibiya wamefunga ihramu, alikuwa akikoka moto chini ya chungu chake na chawa wakimdondoka usoni. Mwenye ihramu haruhusiwi kunyoa. Mtume alipompitia akamwuliza kama wadudu wale wanamuudhi. Akajibu kwamba ndiyo. Akaamriwa anyoe kichwa, kisha atoe fidia kwa kufunga siku tatu, au kulisha maskini sita, au kuchinja mnyama, na hukumu yake imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 196. Mafakihi huitaja habari hii kwa ajili ya mambo ya hija, nami si fakihi. Kinachonivuta ni utaratibu wake: lilitangulia swali, likafuata agizo la dawa, na katika riwaya nilizozisoma sikukuta mahali ambapo sahaba yule aliambiwa aondoke mbele ya watu.

Na wale wanaodhani kuwa chawa ni alama ya ufukara, nao nataka wasikie habari ya kitana kilichofukuliwa Lachish, katika nchi ya Kanaani ya kale, ambacho maandishi yake yalitangazwa mwaka 2022. Ni kitana kidogo, hakifiki sentimita nne, kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,700 hivi, upande mmoja kina meno sita manene ya kufumulia nywele zilizosokotana, na upande wa pili meno kumi na manne membamba ya kuondolea chawa na mayai yake. Kimechorwa herufi 17 ndogo mno, nazo zikisomwa huwa ni dua ya kwamba pembe ile ing'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Na wataalamu walipokitazama kwa darubini wakakuta mabaki ya chawa katika jino mojawapo. Kilichongwa kwa pembe ya ndovu. Nchi yetu hii, ambayo pembe zake zilibebwa mabegani kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, haihitaji kufunzwa thamani ya pembe, basi mwenye kitana kile hakuwa maskini wa kulala njaa, na bado alikuwa akijikuna kama sisi.

Yupo chawa mwingine ambaye anastahili kuogopwa, na nadhani woga wetu wa huyu wa kichwani umerithiwa kutoka kwake. Huyo ni chawa wa mwilini, anayekaa katika mishono ya nguo zisizofuliwa. Mwaka 1909, huko Tunis, tabibu Mfaransa Charles Nicolle alitambua kwamba wagonjwa wa homa ya taifasi wakishavuliwa nguo zao na kuogeshwa mlangoni mwa hospitali hawaambukizi tena, akajua kuwa mchukuzi ni chawa wa nguoni, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Homa hiyo iliwashika maelfu ya watu katika makambi ya jirani zetu wa Burundi katika miaka ya vita ya 1990. Chawa wa kichwa hajulikani kueneza maradhi ya namna hiyo. Anachotuletea ni muwasho, vidonda vya kujikuna, usingizi wa mang'amung'amu, na fedheha. Na hiyo fedheha ya mwisho, wasikilizaji, tunajiletea wenyewe kwa wenyewe.

Sasa nirudi kwenye ile sauti, nieleze kwa nini naiita msafirishaji. Mwanamke aliyefukuzwa kwa kelele saluni ya kwanza haendi nyumbani akajitibu siku kumi na nne. Ana harusi Jumamosi, au ana safari ya meli kwenda Nansio, au ana kazi ofisini ambako nywele zilizofumuliwa nusu hazipokewi. Hujifunga kilemba, akavuka barabara, akaingia saluni ya pili, na safari hii hasemi neno, tena huchagua msusi mchanga asiyetazama sana na taa hafifu. Akisukwa rasta za miezi miwili, chawa wamepata nyumba iliyoezekwa. Wa tatu kuketi kiti kile ni wewe au binti yako. Siri iliyotunzwa na msusi wa kwanza ingelimponya mmoja na kuwakinga wote waliofuata.

Siku ya pili baada ya kisa kile nilimpeleka mjukuu wangu kwa mama mmoja wa makamo anayesuka nyumbani kwake Mabatini, juu kidogo mawe yanakoanzia, na safari hii nilimwambia mlangoni, kwa sauti ya chini, nimemletea nini. Akanishukuru. Akasema ni wateja wachache mno wanaotanguliza neno, na kwamba wangelijua alivyo mwepesi wa kusamehe anayesema na mzito wa kusamehe anayeficha, wangelisema. Nikamwuliza, na wale wasiojua wenyewe? Akanijibu kwamba akiona kitu, mikono haisimami: huendelea kuchana kama aliyeona nywele tu, kisha humwambia mteja, "Dada, hebu njoo huku nyuma kuna mwanga, nikuonyeshe mtindo katika simu," na huko uani ndiko anakomweleza. Waliobaki ndani hudhani wanabishana juu ya bei. Nilicheka, lakini baadaye nikaona kuwa hila ile ndogo ina murua mwingi kuliko hotuba.

Kusuka hasuki mpaka chawa waishe, kwa hoja iliyo wazi kwamba msuko hufunika mayai na kuzuia kitana. Dawa ya kulainisha nywele nayo hakubali kuipaka, maana kichwa kilichokunwa kina michubuko na dawa ile huunguza, na wanaodhani kuwa itaua chawa wanabahatisha kwa ngozi yao. Alichofanya siku ile ni kumaliza kumfumua mtoto, huko uani, juu ya kitambaa cheupe, akazipaka nywele mafuta mengi ya kulainisha, akazigawa mafungu madogo madogo, akapitisha kitana cha meno membamba kuanzia ngozini hata nchani, akikifuta kila mara kwenye kitambaa ili tuone kilichotoka. Nywele zetu hizi za kujiviringa hazipitishi kitana kwa urahisi, na bila ya mafuta mengi na subira nyingi ni mateso. (Huko Marekani imeonekana kuwa watu wenye asili ya Afrika hupatwa na chawa mara chache kuliko wengine, na inadhaniwa kuwa kucha za chawa wa kule zimezoea unywele wa mviringo, lakini Afrika ina chawa wake, waliozoea nywele zake, na mtu asijidanganye.)

Kisha akatuagiza duka la dawa, tukamwulize mfamasia dawa ya chawa inayomfaa mtoto, na tuirudie baada ya siku saba hata kumi kama atakavyoelekeza, kwa kuwa dawa nyingi huwaua wazima na kuacha baadhi ya mayai. Akasisitiza jambo moja ambalo nami nalisisitiza hapa kwa nguvu zote nilizo nazo, kwa kuwa sisi ni watu wa mifugo na dawa ya josho haiko mbali na mikono yetu: dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya kichwa cha mtoto. Ni sumu ipitayo katika ngozi. Mafuta ya taa vilevile, watu huyapaka na kufunga kitambaa, na mtoto huyo huyo baadaye huchutama kuchochea jiko la mkaa.

Juu ya vyombo alikuwa na elimu iliyonipendeza. Kinyozi hufuta mashine kwa spiriti, naye hufanya vyema, lakini kwa chawa adui mkubwa ni maji ya moto: kitana kikikaa dakika tano hata kumi katika maji yenye joto la nyuzi 54 au zaidi, yaani maji ambayo mkono hauvumilii, chawa na mayai wamekwisha. Si lazima yawe yanatokota, na vitana vya plastiki vikitokoswa hupinda kama mkunga. Chupa moja ya chai iliyojazwa maji ya moto asubuhi inatosha kuitumikia saluni ndogo mpaka adhuhuri. Taulo na vitambaa hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Wigi lililogusa kichwa chenye chawa huwekwa wiki mbili katika ndoo yenye mfuniko, kwani mifuko ya plastiki ambayo wenzetu wa ng'ambo hushauriwa kuitumia sisi tumeipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Sakafu na kiti hufagiwa na kufutwa, basi. Dawa ya mbu ibaki kwa mbu.

Nilimwuliza kama draya haiwezi kuwaua kwa joto. Hakujua, nami nikaja kuisoma habari yake baadaye: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliijaribu draya ya kofia kama hizi zetu, ukaona kuwa hewa yake ya moto iliua sehemu kubwa ya mayai, lakini katika chawa wazima kumi alikufa mmoja tu. Basi anayemweka mteja chini ya draya akidhani amemtibu, amemchemshia mayai na kuacha kuku.

Huko huko Marekani, katika majimbo kadhaa, kanuni za kazi humkataza msusi kumhudumia mtu mwenye chawa, na zimezuka saluni ambazo kazi yake ni kutoa chawa tu, kwa malipo makubwa. Na madaktari wa watoto wa nchi ile nao wanashauri kwamba mtoto asitolewe darasani kwa ajili ya chawa. Hatuna haja ya kunakili yote hayo. Ila maofisa afya wa Jiji na wa Ilemela, ambao huzikagua saluni zetu, ningewaomba wanapouliza habari za leseni na choo na ndoo ya takataka, waulize pia: vitana vinaoshwa kwa kitu gani, na mteja mwenye chawa huambiwa wapi?

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wahutubiaji wa vyama vya ushirika wameitumia methali hiyo kwa pamba na kwa kura hata tumesahau kwamba hapo mwanzo ilikuwa habari ya chawa hasa, na ya mama aliyemlaza mwanawe mapajani jioni akimpekua nywele kwa kucha mbili. Vijana wa leo nao wamempa mdudu huyu kazi mpya, wakamwita chawa kila anayemganda mwenye cheo au msanii ili apate riziki. Huyo, kwa bahati mbaya, kitana hakimtoi. Lakini tendo lile la mama na mwana lilikuwa la mapenzi na la faragha, na sijui ni lini lilipogeuka kuwa jambo la kutangazwa.

Limebaki suala la ijara, ambalo wasusi wengi waliniuliza mimi badala ya mimi kuwauliza wao. Msusi aliyefumua kichwa akakuta chawa amepoteza saa nzima, na pengine kiti chenyewe amekodi, naye akimwambia mteja aende bila ya kulipa atakula nini? Na mteja asiyesukwa alipe kwa ajili ya nini? Yule mama wa Mabatini amejiwekea kanuni ya nusu: hulipwa nusu ya bei ya msuko kwa kazi ya kufumua, kuchana na kuelekeza, na nusu ya pili hulipwa mteja akirudi kusukwa. Wanaorudi ni wengi, kwa kuwa wameacha fedha zao pale, na kwa kuwa kuna mtu mmoja mjini anayejua siri yao na hajaisema.

Tulirudi siku ya kumi na tano. Akamketisha mtoto uani, akampekua fungu baada ya fungu kwa muda wa dakika ishirini hivi, hakuona chawa hata mmoja, akamsuka twende kilioni, akadai nusu yake iliyobaki, nami nikamlipa.